Ngeli za Mwanagenzi wa Tarot: Uainishaji wa Awali

Wanaisimu wamekwisha kuziainisha nomino za Kiswahili, kuanzia mtu hadi mahali, na mpaka leo wanazozana kuhusu idadi ya ngeli. Wanabiolojia wamempa kombamwiko jina, ukoo na mababu. Kiumbe mmoja tu amesahauliwa na taaluma zote mbili, ingawa haonyeshi dalili ya kutoweka: mtu aliyenunua jozi ya karata za Tarot Jumamosi asubuhi, na kufikia Jumapili jioni anamtafuta jirani wa kumtabiria. Makala haya yanaziba pengo hilo, ambalo hatujamsikia yeyote akililalamikia.

Makazi ya asili ya kiumbe huyu ni miji ya Ulaya na Marekani, hasa kwenye rafu ya mwisho ya duka la vitabu, kati ya unajimu na mawe ya kutibu huzuni. Siku hizi simu imemsambaza, na anapatikana popote penye mtandao na moyo uliovunjika. Njia yetu ya utafiti ilikuwa kukaa jirani na meza yake, kunywa chai yake na kunyamaza.

Nadharia iliyotuongoza ni ya kimofolojia. Tunadai kwamba mwanagenzi hatambuliki kwa karata alizonazo bali kwa kiambishi chake awali, yaani kile anachokitanguliza kabla ya karata. Kisha tunapima upatanisho: anapofungua kinywa, sentensi yake inakubaliana na nani? Kwa vigezo hivyo viwili tumepata ngeli saba. Atakayeipata ya nane na aandike makala yake.

Istilahi

Jozi kamili ya Tarot ina karata 78. Kati ya hizo, 56 zimegawanyika katika mafungu manne ya karata 14 kila moja: ree hadi kumi, halafu kijana mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Mafungu yenyewe ni vikombe, sarafu, panga na magongo. Zilizobaki 22 ni picha zisizo na fungu: Mpumbavu, Wapenzi, Mauti, Mnara, Jua na wenzao. Watabiri huziita Arkana Kuu na kushusha sauti wanapozitaja. Waitaliano waliozibuni katika karne ya 15 walizitumia kama turufu, nasi tutaziita turufu kwa sauti ya kawaida.

Mcheza karata wa pwani asitishwe na mafungu hayo, kwa maana anayajua tangu utotoni. Kopa, uru, shupaza na pau ni majina tuliyoachiwa na Wareno, na kwa Kireno ni vikombe, dhahabu, panga na magongo. Mzee anayecheza wahedi wa sitini barazani Unguja ameshika vyombo vyote vya mtabiri wa Paris maisha yake yote, na hajamtabiria mtu chochote isipokuwa kufungwa.

Ngeli ya kwanza: Mkariri

Kiambishi chake ni kijitabu. Huyu ni zao la shule: amefundishwa kwamba elimu humezwa usiku na kutemwa asubuhi, basi anazimeza karata 78 kama alivyomeza majina ya mito. Akifika kwenye karata ya mwisho anagundua kwamba karata ikitokea kichwa chini huwa na maana nyingine, na mzigo wake unakuwa maana 156.

Wa kulaumiwa ni Mfaransa mmoja wa Paris, Jean-Baptiste Alliette. Mwaka 1770 alichapisha kitabu cha kutabiri kwa karata za kawaida, kila karata ikiwa na maana yake wima na maana yake kichwa chini, na mwaka 1785 akahamia kwenye Tarot. Jina la kazi alilojipa ni Etteilla, yaani Alliette lililosomwa kutoka nyuma. Mtu aliyeanza kwa kujipindua mwenyewe hakuona taabu kuzipindua karata.

Mkariri hupendelea mtandazo uitwao Msalaba wa Kikelti, wa karata kumi, uliopata umaarufu kupitia kitabu cha Mwingereza Arthur Edward Waite. Karata ya kwanza hadi ya tano huenda vizuri. Kwenye ya sita huomba ruhusa aende msalani, ambako simu yake inamsubiri. Akibadilisha jozi ndiyo balaa: katika karata za Marseille, Haki ni turufu ya 8 na Nguvu ni ya 11, Waite alizibadilisha nafasi katika jozi yake, na aliyekariri kwa namba hujikuta anamtangazia mwenye kesi mahakamani habari za simba.

Upatanisho: na kitabu. Mteja akisema, "Mama yangu anaumwa," Mkariri hutazama tatu ya sarafu na kumpa habari njema za ushirikiano kazini.

Ngeli ya pili: Mkusanyaji

Kiambishi chake ni pochi. Kama maji na mafuta, nomino yake haina umoja. Hajawahi kuonekana akiwa na jozi moja. Alianza na ile ya Waite. Haikuongea naye. Akanunua ya Marseille, nayo ikanuna. Akaagiza ile ya Thoth, iliyochorwa na Frieda Harris kwa maelekezo ya Aleister Crowley na kutolewa kama karata mwaka 1969, wenyewe wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki. Sasa anayo ya paka, ya uyoga, na moja ya dhahabu ambayo haijafunguliwa ili isipoteze nguvu.

Miongoni mwa watu wa Tarot kuna mwiko kwamba jozi ya kwanza hainunuliwi, hupewa zawadi. Mkusanyaji hauvunji mwiko huo. Hujinunulia, akajifungia kwenye karatasi ya zawadi, akajishukuru.

Ndoto yake ni jozi ya Visconti-Sforza, iliyochorwa kwa mkono Milan katikati ya karne ya 15 kwa ajili ya watawala wa mji huo. Hataipata, kwa sababu zimebaki karata 74, na zenyewe zimegawanyika kati ya New York na Bergamo. Zisizoonekana ni nne: Shetani, Mnara, tatu ya panga na mpanda farasi wa sarafu. Wanahistoria wanajadili kama Shetani na Mnara zilipotea au hazikuwamo tangu mwanzo. Sisi tunapendekeza nadharia ya tatu: kulikuwa na mtu wa ngeli ya nne katika nyumba ile.

Upatanisho: na risiti.

Ngeli ya tatu: Mmisri

Kiambishi chake ni "tangu zama za mafarao". Huyu hajali karata inasema nini, mradi imesema zamani. Mwulize kama utapata kazi, naye atakupitisha kwenye hekalu, piramidi na siri ya makuhani, na ukirudi nafasi ya kazi imeshajazwa.

Babu wa ngeli hii anajulikana. Ni Antoine Court de Gébelin, mchungaji wa Kiprotestanti na msomi aliyeishi Paris. Aliwakuta watu wakicheza Tarot, akazitazama picha, na papo hapo akatambua kwamba kile ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri kilichofichwa ndani ya mchezo. Akaichapisha habari hiyo mwaka 1781. Wakati huo hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale, jambo lililorahisisha sana utafiti wake. Jean-François Champollion alipotangaza ufunguo wa kuyasoma mwaka 1822, maandishi yakaanza kusema yenyewe: wafalme, miungu, vita, kodi, mkate na bia. Tarot haikutajwa. Ngeli ya tatu haikutikisika, kwani siri isiyotajwa popote ndiyo siri ya kweli.

Ajabu ni kwamba karata kweli zilipitia Misri, ila si kwa mlango alioubisha de Gébelin. Katika jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, zimehifadhiwa karata za Wamamluki, watawala wa Kairo wa zama za kati. Zina mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Wakubwa wa kila fungu ni mfalme, naibu wake, na naibu wa pili. Karata za aina hiyo zilivuka Bahari ya Kati katika karne ya 14. Wazungu, ambao polo hawakuijua, wakazifanya fimbo kuwa magongo. Miaka ya 1440, katika miji ya Italia kama Florence na Ferrara, tunakuta habari za jozi iliyoongezewa turufu za picha. Kisha kwa karne tatu hivi kazi yake inayojulikana ilikuwa moja: kuchezwa. Michael Dummett, profesa wa mantiki wa Oxford, aliandika kitabu kinene mwaka 1980 kulithibitisha hilo. Mmisri anacho. Hajakifungua.

Upatanisho: na marehemu.

Ngeli ya nne: Mrudiaji

Kiambishi chake ni "hii haihesabiki". Kitenzi chake hurudufishwa daima: hachangi karata, huchangachanga, haulizi, huulizauliza. Ameuliza kama yule bwana atapiga simu. Imetoka Mnara: jengo linaungua, watu wanaanguka vichwa chini. Anaamua kwamba hakuzichanga vizuri. Imetoka tisa ya panga: mtu ameketi kitandani usiku, ameshika uso kwa viganja. Anaamua kwamba swali halikuwa na adabu, analipanga upya. Ikitoka Jua, kikao kinafungwa na matokeo yanatangazwa.

Wengine wa ngeli hii wana mbinu ya kitaalamu zaidi, ya kuongeza karata ya kufafanua ile iliyotangulia. Karata ya kufafanua nayo huhitaji ufafanuzi. Tumeshuhudia jibu la "hapana" likifafanuliwa kwa karata nyingi kiasi kwamba mezani pakakosekana pa kuweka kikombe.

Hofu yao kubwa ni turufu ya 13, Mauti. Katika jozi nyingi za Marseille karata hiyo imepewa namba bila jina, kumaanisha hata wachapaji walikuwa na ndugu katika ngeli hii. Ikitokea mbele ya mteja, Mrudiaji huitolea hotuba kabla hajaulizwa: "Shoga, usishtuke, haimaanishi kufa, inamaanisha mabadiliko tu, tena mazuri." Mteja, ambaye alikuwa anatazama saa, sasa ameshtuka. Kumi ya panga inayoonyesha mtu kalala kifudifudi na panga kumi mgongoni haitolewi hotuba kama hiyo, nasi tunaiachia taaluma swali hilo.

Upatanisho: na hofu yake mwenyewe.

Ngeli ya tano: Msomauso

Kiambishi chake ni jicho. Karata anazo, lakini macho yake yako kwenye pete, kwenye kiatu kilichoisha kisigino, kwenye namna mteja anavyovuta pumzi likitajwa neno "nyumbani". Huanza kwa sentensi pana inayomtosha kila mtu: unaonekana mchangamfu, ila kuna mambo unayaweka moyoni, umewahi kumwamini mtu akakuangusha. Mteja hutikisa kichwa, na kichwa hicho ndicho kinachosomwa.

Ngeli hii ndiyo pekee iliyofanyiwa majaribio ya kisayansi, ingawa karata hazikuhusika. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo ya nafsi yake na kumwomba ayapime usahihi kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Halafu akawafichulia kwamba wote wamepewa karatasi ile ile, yenye sentensi nyingi zilizotoka katika kitabu cha nyota. Mwanafunzi hakudanganywa na karatasi. Aliichukua sentensi pana akaipunguza mwenyewe mpaka ikamkaa.

Umuhimu wa jambo hili kwa uainishaji ni mkubwa. Maana yake kazi ya kutabiri hufanywa na anayelipa. Mtabiri hutoa kitambaa, mteja hushona, kisha husifu vipimo. Msomauso mwenye haya akishagundua hilo hugeuka kuwa msikilizaji mzuri. Asiye na haya huongeza bei, huongeza karata, na siku ya tatu hugundua kwamba mteja ana laana inayoondoka kwa malipo ya awamu.

Upatanisho: na mteja, kwa kila silabi.

Ngeli ya sita: Mtazamaji

Huyu ni adimu. Hana kiambishi, huanza na mzizi. Anaifunua karata na kusema anachokiona: "Kuna mtu amevaa joho jeusi. Mbele yake vikombe vitatu vimemwagika. Nyuma yake viko viwili vimesimama, ila yeye havioni." Halafu ananyamaza. Mteja hutazama vikombe vitano vile, na baada ya muda huanza kueleza habari ambazo hakuulizwa.

Uwezekano wa ngeli hii kuenea una mama yake, naye ni Pamela Colman Smith. Alizaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaika kwa sehemu ya utoto wake, akasoma sanaa Brooklyn. Alizipenda hadithi za Kijamaika za Anansi, buibui mjanja ambaye angeelewana vizuri na Sungura wetu. Alizisimulia mbele ya hadhara na kuzichapisha mwaka 1899. Mwaka 1909 Waite alimpa kazi ya kuchora jozi nzima. Katika Tarot za kawaida za wakati huo, tano ya vikombe ilikuwa vikombe vitano tu, kama vile tano ya kopa ni kopa tano. Colman Smith akaitia karibu kila karata mtu na tukio. Alikuwa na kielelezo kimoja cha zamani: jozi ya Kiitaliano iitwayo Sola Busca, ya mwishoni mwa karne ya 15, ambayo picha zake zilifika Makumbusho ya Uingereza mwaka 1907. Ukiziweka pamoja tatu za panga za jozi hizo mbili, moyo uliochomwa panga tatu ni ule ule.

Kwa hiyo msimulizi wa hadithi ndiye aliyewapa wanagenzi kitu cha kusoma. Malipo yake? Katika barua ya mwaka 1909 kwa mpiga picha Alfred Stieglitz alieleza kwamba kazi ilikuwa kubwa na fedha kidogo. Jozi ilipata umaarufu duniani kote kwa jina la mchapishaji, Rider, na la Waite. Yeye alifariki mwaka 1951 huko Bude, Cornwall, akiwa maskini. Alama ya herufi za jina lake imo katika karata, chini pembeni, inamsubiri mtazamaji.

Upatanisho: na picha kwanza, kisha na mtu, kwa mpangilio huo.

Ngeli ya saba: Mchezaji

Hii ni ngeli ya mahali: hupatikana pale Bologna, kule Vienna, mle mikahawani mwa Ufaransa. Ukimwambia kwamba karata zake hutabiri, atakuuliza kama zimekuambia nani ameshika 21. Katika Tarot ya Kifaransa watu wanne hugawana karata zote 78, isipokuwa sita zinazowekwa kando. Mmoja hujitosa dhidi ya watatu. Pointi zote ni 91. Karata tatu zina heshima ya pekee: turufu ya 1, turufu ya 21 na Mpumbavu, ambaye humwondolea aliyemtupa wajibu wa kufuata fungu. Aliyejitosa akizipata zote tatu anahitaji pointi 36 kushinda. Asipopata hata moja anahitaji 56.

Sigmund Freud, aliyejitwika kazi ya kufasiri ndoto za Vienna nzima, alikuwa wa ngeli hii. Jumamosi jioni alicheza Tarock na marafiki zake. Mtu aliyeona ishara katika kila mwavuli wa mgonjwa aliziacha karata za picha ziwe karata.

Upatanisho: na mwenzi wake mezani, mpaka amharibie mkono.

Ufunguo wa utambuzi

Kwa matumizi ya mitaani, mwanagenzi asiyejulikana ngeli yake apitishwe katika hatua zifuatazo.

1. Mwambie kwamba Tarot ilianza kama mchezo. Akikasirika, ni Mmisri. Akiuliza tunacheza lini, ni Mchezaji. Asipojali, nenda hatua ya 2.
2. Mwombe akusomee karata moja. Akifungua kitabu, ni Mkariri. Akiuliza atumie jozi ipi, ni Mkusanyaji. Akifunua mara moja, nenda hatua ya 3.
3. Karata ikiwa mbaya, akiirudisha upesi kabla hujaiona, ni Mrudiaji. Akikutazama wewe, ni Msomauso. Akiitazama karata, mpishe akae.

Hitimisho

Ngeli hizi si za kudumu. Wengi huanzia ya kwanza, hupotelea ya pili, na wachache huvuka hadi ya sita. Kinachowavusha si idadi ya karata walizokariri. Ni sarufi: kitenzi cha Kiswahili hupatana na kiima, na katika kikao cha Tarot kiima ni mtu aliyeketi upande wa pili. Karata ni kielezi. Inaweza kuondolewa na sentensi ikasimama, kama wanafunzi wa Forer walivyoonyesha bila karata hata moja.

Kuhusu halali na haramu yake, masheikh na wachungaji wamekwisha kusema, nasi hatuna la kuwaongezea. Kuhusu ukweli wake, uamuzi wetu ni huu: karata 78 haziijui kesho, lakini picha nzuri humfanya mtu aiseme leo yake, na mwanagenzi anayejua tofauti ya mambo hayo mawili hana madhara kwa jirani.

Basi ewe msomaji unayetaka kuanza, chukua jozi moja yenye picha za Colman Smith, funua karata tatu, sema unachokiona na unyamaze. Usipokee kodi ya nyumba ya mtu. Akitaka kujua kama mumewe atarudi, mpe simu ampigie. Na nawe unayetaka kusomewa, kaa kimya kama maji ya mtungini mpaka mtabiri aseme jambo moja ambalo haliwezi kuwa la jirani yako. Likikosekana, kunywa chai, shukuru, na uondoke na pochi yako.